Dona au sembe? Swali la jikoni linaloishinda ndaki moja ya chuo kikuu

Katikati ya mwaka 2016, katika vijiji vya Chemba na Kondoa, na upande wa pili wa mpaka wa mkoa huko Kiteto, watu walianza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni haukuwa na jina. Macho yaligeuka manjano, tumbo likajaa, mgonjwa akawa anatapika na hali yake kubadilika haraka. Uchunguzi ulipokamilika, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walikuwa wamefariki. Hakikupatikana kirusi, wala tatizo halikuwa maji. Walikuwa wamekula mahindi yenye sumukuvu kwa kiwango kikubwa mno.

Kwa sisi tulio karibu na vyuo vya Dodoma, msiba ule ulitokea nyumbani, na naamini haujatumika vya kutosha kufundishia. Simaanishi kufundishia afya peke yake. Namaanisha jambo ambalo karibu kila andiko la mradi siku hizi hulitaja na wachache hulieleza: utafiti wa taaluma mtambuka, yaani watu wa tiba, kilimo, uchumi na historia kushika kazi moja. Ukiuliza kinachotofautisha kazi hiyo na orodha ndefu ya majina kwenye jalada la ripoti, majibu huwa ya jumla jumla. Nitajaribu kujibu kwa kufuata gunia la mahindi.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu, hasa wa aina ya Aspergillus flavus, wanaoishi udongoni. Huanza kuingia kwenye mahindi yakiwa bado shambani, hasa mmea unapokosa maji wakati punje zinajaa, na huendelea kuongezeka ghalani kama punje hazikukauka sawasawa. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na jumla ya mwaka huwa kama milimita 500 hadi 600. Jua kukatiza katikati ya msimu ni jambo la kutegemewa huku. Mavuno yakishatoka shambani, kaya nyingi huyaanika na kuyapukuchua chini, juu ya udongo uleule wenye kuvu. Sumu yenyewe huwezi kuiona wala kuinusa, na kusonga ugali hakuimalizi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo moja ya mahindi, ambayo ni sawa na gramu 10 katika tani 1,000.

Aya hiyo ina mtaalamu wa kuvu, wa kilimo, wa hali ya hewa na wa sumu, na bado hakuna utafiti mtambuka ndani yake. Kila mmoja amesema la kwake, na hakuna aliyemsumbua mwenzake. Ripoti nyingi huishia hapo: sura ya kwanza ya huyu, ya pili ya yule, hitimisho likasema tatizo ni pana na linahitaji ushirikiano wa wadau wote.

Sasa tuwapeleke wataalamu hao jikoni. Kwa miaka mingi maofisa lishe wametuhimiza kula dona, na wana sababu: ganda na kiini cha punje vina nyuzinyuzi, vitamini na madini ambayo sembe hupoteza. Mtaalamu wa sumu anaposikia hivyo hushtuka, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa kwenye ganda na kiini hichohicho, na kukoboa huipunguza sana. Mama wa Chemba amsikilize nani?

Wakati hao wawili hawajamaliza kubishana, mtu wa uchumi wa kaya anauliza swali lingine. Kukoboa ni pesa ya mashine, na gunia linaloingia mashineni halitoki na uzito uleule. Mwaka ambao mavuno ni haba, yaani mwaka uleule ambao ukame umeongeza sumu shambani, ndio mwaka ambao familia haiwezi kukubali gunia lipungue. Kwa hiyo dona huliwa zaidi pale ambapo ni hatari zaidi. Huyu hakuongeza tu habari nyingine. Ameonyesha kwamba ushauri wa kukoboa, ambao maabara ingeutoa kwa nia njema, unamfikia mtu asiyeweza kuufuata.

Kisha anaingia daktari wa mifugo na kuuliza pumba zilikwenda wapi. Zilikwenda kwa kuku, kwa nguruwe na kwa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe aliyekula pumba zenye sumukuvu hutoa maziwa yenye zao la sumu hiyo, linaloitwa aflatoksini M1. Sumu tuliyoitoa kwenye ugali wa mtoto imerudi kwenye kikombe chake cha maziwa. Kufikia hapa swali la mtu wa lishe limebadilika lenyewe. Alikuwa akiuliza dona au sembe. Sasa anauliza mahindi hayo yaliota mwaka gani wa mvua, yalianikwa juu ya nini, na pumba alipewa nani.

Huko kubadilika kwa swali ndiko ninakokuita utafiti mtambuka, na kipimo changu ni hicho kimoja. Kama baada ya miaka mitatu ya mradi kila mtaalamu bado ana swali alilokuja nalo, basi walikaa pamoja tu.

Wanaojadili nadharia ya jambo hili huwa wanatofautisha ngazi tatu, na mjadala wao ulishika kasi tangu mkutano wa mwaka 1970 mjini Nice, Ufaransa, ulioandaliwa chini ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea. Kuna taaluma kukaa bega kwa bega, kila moja na mbinu zake. Kuna taaluma kuchanganya mbinu na dhana hadi kupata maelezo ambayo hakuna hata moja ingeyafikia peke yake. Na kuna kutoka nje ya chuo kabisa, ambapo mkulima, ofisa ugani na mfanyabiashara wa nafaka wanashiriki kuliunda swali tangu mwanzo. Mgawanyo huo unasaidia, ila usimfunge mtu. Kazi moja inaweza kuanza ngazi ya kwanza Januari ikajikuta ya tatu ifikapo mavuno.

Sumukuvu yenyewe iligunduliwa kwa njia hiyo. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Waliofikiri ni maambukizi walitafuta mdudu na hawakumpata. Jibu lilikuwa kwenye chakula chao, mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na ilibidi wataalamu wa mifugo, wa kemia na wa kuvu wafuate chanzo kilekile hadi sumu ikapata jina.

Turudi kwenye gunia, safari hii sokoni. Kibaigwa, wilayani Kongwa, ni soko la mahindi linalojulikana nchi nzima. Mnunuzi hachomi gunia kwa mkono, anatumia bambo: chuma chenye mfereji na ncha kali, kinachoingia gunini na kutoka na punje chache za kuangaliwa. Anaangalia rangi, anaangalia wadudu, anang'ata punje moja kusikia kama imekauka. Kwa mambo hayo bambo linatosha. Kwa sumukuvu halitoshi, na sababu yake ni ya kitakwimu: sumu haitapakai sawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, hivyo bambo likipita pembeni yake gunia litaonekana safi hata ukilipima kwa mashine ghali. Mtu wa maabara asiyekaa na mwanatakwimu anaweza kutoa jibu sahihi kuhusu punje alizopewa na lisilo sahihi kuhusu gunia.

Mwanauchumi anaposimama palepale sokoni anaona kingine. Kama mnunuzi hawezi kuiona sumu, hawezi kulipa zaidi kwa mahindi yasiyo nayo. Aliyenunua turubai, akaanika vizuri, akachambua punje zilizooza na kuweka akiba kwenye mifuko isiyopitisha hewa, anauza bei sawa na aliyeanika chini. Semina ya kuhamasisha wakulima waanike kwenye turubai inaweza kuwa nzuri sana na isibadilishe chochote, kwa kuwa bei haikubadilika. Hilo mtu wa kilimo peke yake hangeliona, na mwanauchumi peke yake hangejua turubai lina uhusiano gani na ini la binadamu.

Na kwa nini mahindi? Hapa ndipo mwanahistoria, ambaye mara nyingi hata haalikwi, ana neno kubwa. Ugogo, yaani eneo la Wagogo hapa Dodoma, ilikuwa nchi ya mtama na uwele, mazao yanayovumilia jua la kati ya msimu kuliko mahindi. Hayana kinga kamili dhidi ya kuvu, lakini kuelewa jinsi mahindi yalivyopata nafasi kwenye sahani za watu wa nyanda kame ni kuelewa bei, siasa, mashule, hadhi na ladha kwa miongo mingi. Kuna pia kumbukumbu ya njaa. Wazee wa Ugogo wamerithishana habari za Mtunya, njaa kubwa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na baada yake zikafuata nyingine. Kaya iliyolelewa kwenye kumbukumbu kama hizo haitupi debe la mahindi kwa sababu mtu mwenye koti jeupe amesema yana kitu kisichoonekana. Nani atakueleza hayo kama hukuwahi kumsoma mtu kama Mathias Mnyampala, mwenyeji wa Dodoma aliyekuwa hakimu, mshairi na mwandishi wa historia na desturi za Wagogo kwa wakati mmoja?

Ninalisisitiza kwa sababu hapa ndipo miradi mingi huharibika. Mtu wa sosholojia, historia au lugha huitwa mwishoni, swali likiwa limeshaamuliwa, bajeti imegawanywa na mashine zimeagizwa. Huambiwa atafsiri dodoso kwa Kiswahili au "aihamasishe jamii". Si kazi ya kudharau, ila haimpi nafasi ya kusema kwamba swali lenyewe limekosewa. Nalo lazima mtu fulani alikosoe mapema, maana likikosewa hakuna mashine ya kulirekebisha.

Wilaya hiyohiyo ya Kongwa ina ushahidi wa gharama ya kosa hilo. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikihangaika na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Pamoja naye walikuwa msimamizi wa mashamba wa kampuni kubwa ya biashara na mtu wa fedha. Walizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, na kupendekeza karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Vichaka vilivunja matrekta, mvua hazikuja kwa kipimo kilichoandikwa, na udongo wa kule ukikauka hushikana kiasi kwamba karanga zilizokomaa hazing'oleki. Januari 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi.

Huwa tunasimuliwa kwamba hawakuwa na wataalamu. Walikuwa nao, tena wa kutosha: wahandisi, wataalamu wa udongo, madaktari, wahasibu. Ninavyousoma mwenendo wa mambo, kilichokosekana ni ruhusa ya jibu la mmoja kugeuza swali la mwingine. Ratiba ya ekari ilikuwa imeshapangwa London, kwa hiyo udongo ulipokataa, ulihesabiwa kuwa kikwazo kwa wahandisi, ingawa ulikuwa sababu ya kuuliza upya kama karanga zilifaa mahali pale. Na Wagogo waliolima mtama na uwele kwenye ardhi ile, huku wakihesabu mifugo kuwa akiba yao ya miaka mibaya, walikuwa na jibu la swali ambalo ujumbe ule haukuwa umeliuliza.

Upande wa pili wa mji upo mfano wa heri. Visima vya Makutupora, kaskazini ya jiji, vimeinywesha Dodoma kwa miongo mingi, na kina cha maji yake kimekuwa kikiandikwa kwa zaidi ya miaka 50, mfululizo ambao ni nadra kuupata katika nchi za tropiki. Watafiti wa maji chini ya ardhi waliposhirikiana na watu wa hali ya hewa kulinganisha daftari hilo na mvua, walikuta kwamba wastani wa mvua kwa mwaka haukueleza mengi. Maji hujaa chini kwa vipindi, katika misimu michache yenye mvua kubwa sana, mingi yake ikiambatana na El Niño, halafu miaka hupita yakishuka tu. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hupenya kupitia vitanda vya mito ya msimu, yale makorongo tunayoyavuka makavu karibu mwaka mzima.

Kwa mhandisi wa barabara na mitaro, mvua hiyo kubwa ni adui: iondoke mjini haraka. Kwa mtu wa visima, mvua hiyohiyo ndiyo akiba ya miaka ijayo. Jiji lenye watu zaidi ya 765,000 kwa sensa ya 2022, ambalo wizara zimehamia na viwanja vinapimwa kila upande, haliwezi kumsikiliza mmoja na kumwacha mwingine. Wapi korongo lijengewe kingo za zege na wapi liachwe na mchanga wake ni swali lisilo na ndaki. Ukweli wake unapatikana pale ambapo mpimaji wa mji, mtu wa miamba na mtu wa tabianchi wanatazama ramani moja, na mwenye kiwanja kando ya korongo yupo pia.

Kama faida iko wazi hivyo, mbona ni vigumu? Chuo Kikuu cha Dodoma kimetandaza ndaki zake kwenye vilima vya upande wa Chimwaga, na kutoka moja kwenda nyingine inaweza kuwa safari ya bajaji. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kila kitu kinachojenga maisha ya mwanazuoni kimepangwa kwa idara. Ajira ni ya idara. Makala ya kupandia cheo yanatakiwa yaonekane katika majarida ya fani yake, na makala yenye waandishi saba humpa kila mmoja sifa ndogo kuliko makala ya mtu mmoja, ingawa kazi ya kuelewana kwa hao saba huwa kubwa zaidi. Mhadhiri kijana anayefanya hesabu ya cheo ana kila sababu ya kubaki kwenye shamba lake. Simlaumu.

Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu hubeba mzigo mzito zaidi. Mathalani anaandika kuhusu sumukuvu na bei za soko. Msimamizi wa kilimo anataka majaribio ya shamba yenye marudio, wa uchumi anataka modeli. Tasnifu inapelekwa kwa mtahini wa nje mmoja, wa fani moja, naye anaiona nusu yake kuwa dhaifu. Akipelekewa wa fani nyingine, naye ataona nusu ile nyingine kuwa dhaifu. Wote wawili wako sahihi kwa vipimo vyao. Aliyekosea ni aliyeipeleka bila kuwaeleza ipimwe kwa kipimo gani.

Wapo wanaosema njia hii inazalisha watu wanaojua kidogo kidogo cha kila kitu. Ni pingamizi la haki, na mimi nakubaliana nalo kwa sehemu kubwa. Kwenye mjadala wa dona, kila aliyesaidia alisaidia kwa sababu alikuwa amezama kwenye fani yake: bila mtu anayejua kwa undani jinsi ini la ng'ombe linavyochakata sumu, habari ya maziwa isingetokea. Kwa hiyo simshauri mwanafunzi wa shahada ya kwanza achanganye masomo kwa kuwa yanapendeza. Azame kwenye moja. Ila ajifunze kusoma makala ya fani nyingine moja hadi aelewe wenzake wanakubali ushahidi gani na wanaukataa upi, kwa kuwa hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Mwanahistoria haridhiki na simulizi moja, anaisaili kwa nyingine. Mtu wa tiba anataka wagonjwa walinganishwe na wasiougua. Mtu wa maabara anataka kipimo kirudiwe. Hakuna mkaidi kati yao.

Nchi hii si ngeni kwa jambo hili. Tangu 1967 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, BRALUP, ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, na huko wanajiografia walifanya kazi na watu wa udongo, maji na uchumi wa vijiji. Afya Moja, mpango unaokutanisha sekta za afya ya binadamu, mifugo na wanyamapori, unaratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu hapahapa Dodoma. Mkoa huu ulikuwa kati ya iliyoumizwa zaidi na Homa ya Bonde la Ufa mwaka 2007, ugonjwa unaohitaji mtu wa mvua, wa mbu, wa ng'ombe na wa hospitali wasomane ripoti kabla wagonjwa hawajaanza kufika.

Kwa idara mbili zinazotaka kuanza na mwanafunzi mmoja, ningeomba mambo machache. Pendekezo la utafiti litetewe mbele ya idara zote mbili mwanzoni, siyo tasnifu mwishoni. Makubaliano kuhusu aina ya ushahidi utakaokubaliwa yaandikwe na yaambatanishwe kwenye barua ya mtahini wa nje. Wasimamizi wote wawili waende kijijini pamoja angalau mara moja, gari moja, ili wasikie jibu lilelile kutoka kwa mtu yuleyule.

Na ratiba ifuate msimu. Mahindi ya Chemba na Kongwa huvunwa kuanzia kama Mei, yakaanikwa na kupukuchuliwa wiki zinazofuata. Mwanafunzi ambaye pendekezo lake limepita Julai na kibali cha maadili kikatoka Septemba atakuta magunia yameshafungwa, mengine yameshauzwa Kibaigwa, na atabaki kuwauliza watu wanakumbuka nini kuhusu namna walivyoanika. Pendekezo la mradi kama huu linatakiwa liwe limepitishwa na vibali vyote viwe mkononi kabla ya Aprili kwisha.